Mpanda Farasi wa Saa Nne

Mpiga pasi wetu, katika chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee kule Vällingby, Uswidi, ana vidole visivyosikia moto. Huigusa pasi kama anayepapasa paji la mtoto, kisha hunyoosha shuka bila haraka, pindo kwa pindo. Saa nne, tukinywa chai, hufungua riwaya yake ya Kiswidi, hulamba kidole gumba na kutusimulia kwa Kiswahili: kijana wa Uskoti anampenda binti wa upande wa Uingereza, koo zao zinaibiana ng'ombe, na mpakani kuna mto ambao kijana lazima auvuke kwa farasi ili amfikie. Farasi akikimbia, yeye hugonga meza kwa kijiko. "Dada, amevuka?" huuliza Asifiwe, ambaye alipotezana na mumewe walipokuwa wakikimbilia Mto Ruzizi ili wavuke mpaka, na hajapata habari zake hadi leo. "Bado yuko njiani, mdogo wangu. Kunywa chai." Ndivyo ilivyo tangu Oktoba.

Jana aliitwa ofisini, akaacha kitabu mezani. Mimi sina subira. Nilikifungua pale alipoweka uzi wa alama. Ukurasa wa arobaini na moja: kijana amezama, wanauopoa mwili wake. Nilikifunga, nikakirudisha kama kilivyokuwa. Leo saa nne alilamba kidole gumba, akafungua palepale penye uzi. Kabla Asifiwe hajasema neno, nikauliza mimi: "Dada, farasi wake amepumzika?" Alinitazama juu ya miwani, kisha akashika kijiko. "Amepumzika," akasema. "Leo wanaendelea."