Mlango wa Kushoto

Juzi nilikuwa nyuma ya darasa nikiipiga msasa rula ya Mwakio, mwanafunzi mwenzangu, ipungue kidogo tu, ili grafu zake zimshangaze mwalimu. Vumbi la plastiki likanipanda puani, nikaiweka rula chini kabla ya kumaliza. Wanaonijua walidhani naumwa.

Harufu hiyo ni ya sebule yetu hapa Voi, nikiwa darasa la sita. Mjomba alikuwa ameniletea kutoka Mombasa boksi la vipande vya rezini, plastiki ngumu, vya kuunda ndege ndogo, mfano wa zile za zamani zilizotua majini kwa maboya mawili, kama mtu aliyevaa viatu vya babake. Nilipomaliza kugundisha mabawa (na vidole vyangu), nilimpa Babu aishike. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hivyo aliitazama kwa mikono. Akapapasa ubavu wa kulia, akahamia wa kushoto, akarudia.

"Mghoi, mlango wa huku uko wapi?"

Nikamwambia mlango ni mmoja tu, wa kulia.

"Basi kaka yangu aliingilia wapi?"

Hadithi hiyo kwetu ilizimwa kila ilipoanza. Babu alikulia Chala, karibu na lile ziwa lililojificha ndani ya shimo la mlima. Siku moja ndege kama hiyo ilitua humo, na yeye, mtoto mdogo juu ya ukingo, akamwona kaka yake Mwadime akiingia kwa mlango wa kushoto. Ndege ikapaa. Mwadime hakuonekana tena. Wakubwa walisema amezama, ziwa halirudishi mtu, na Babu akaitwa mwongo mpaka akazeeka na jina hilo.

Shangazi alikuwa akichagua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Si unaona, baba? Hata walioitengeneza hawaujui huo mlango wako."

Babu akairudisha mezani polepole.

Nikaazima simu ya mama, nikatafuta picha za ndege yenyewe. Nilipozipata, nilizikuza kwa vidole. Ubavu wa kushoto, nyuma ya bawa: mlango. Mwongo alikuwa boksi. Maboya nayo yalikuwa mafupi, lakini nani alijali maboya? Nilichora kwa penseli, nikatoboa kwa sindano, nikakata kwa wembe, nikalainisha kingo kwa msasa mpaka sebule ikawa kama kinu cha unga. Kipande kilichotoka kikawa mlango wenyewe.

"Niufunge?" nikamuuliza Babu.

"Uache wazi."

Asubuhi yake niliikuta ndege juu ya kabati, imelowa. Matone ndani, matone chini ya maboya. Mvua haikuwa imenyesha, na mfereji wetu ulikuwa siku nyingi ukikohoa hewa tu. Nikachungulia kwenye ule mlango. Giza lililokuwemo lilikuwa kubwa kuliko ndege. Asubuhi iliyofuata, maji tena, na tena. Shuleni nilitangaza kwamba abiria wetu anavuja, wenzangu wakacheka. Nyumbani sikuigusa. Shangazi, ambaye haogopi kitu, alianza kupitia mlango wa jikoni.

Kisha asubuhi moja ikawa kavu, na ikabaki hivyo. Babu akafa mwaka uliofuata, amelala tu.

Ni majuzi nilipoelewa. Tulipanda milimani kwenye kikao cha ndugu waliokosana, nikamwona mzee mmoja akijaza maji mdomoni, akayapuliza, fuuu, huku akitaja kilichomkera ili kimtoke moyoni. Kutasa, wazee wetu wanaita. Babu alikuwa mzee wa kanisa. Asingethubutu kufanya hivyo mbele ya mtu; alingoja tulale. Mimi nilidhani aliutaka mlango ili tumwamini. Kumbe aliutaka apate pa kumsemea kaka aliyemwacha ukingoni, peke yake, na ukweli ambao hakuna aliyeutaka.

Ndege bado iko juu ya kabati, mlango wazi. Nikipita, huwa nasalimia. Ni mzaha tu. Lakini siku hizi sisemi tena "hujambo", nasema "hamjambo".