Kahawa ya Kufuturia Haionjwi

Enzi zetu, nyinyi wenzangu mliokulia Mji Mkongwe miaka ya themanini, kahawa haikuwa ya kutia unga kikombeni na kumiminia maji moto, kama wafanyavyo watoto wangu leo kisha wakasema wamepika. Ilikaangwa, ikatwangwa, ikachemshwa ndani ya dele la shaba, mpaka jirani akajua kwetu kuna kahawa.

Mwenye dele alikuwa Bi Zuwena, bibi yangu mzaa mama. Alipimia kikombe kidogo kisicho mkono, chenye ua la buluu na pengo mdomoni: maji vikombe kumi, unga kimoja. Kazi yangu ilikuwa kuangalia. Wenzangu wakicheza nage uchochoroni, mie nimejibanza jikoni kama paka. Na bado niko hivyohivyo; mume wangu husema nikitoka nje majirani huuliza kuna msiba gani.

Ramadhani moja nilijaribu kupika kwa kukisia. Ami Nassor, ndugu wa baba, aliyekuwa akifuturu kwetu kila siku, akapiga funda moja, akauliza, "Bi Zuwena, hii kahawa au maji mliyooshea dele?" Nikaitwa Maji ya Dele mpaka Idi.

Mwaka uliofuata Bibi akateguka mkono, katikati ya mfungo. "Leo dele lako," akaniambia. "Ukiniaibisha, hulishiki tena mpaka nazikwa."

"Naam, Bibi," nikajibu, nikaenda kuosha vyombo. Kikombe cha ua la buluu kikaniponyoka, kikawa vipande vitatu.

Kaka yangu Salim alikuwa mlangoni. "Sasa utapimia nini, kisigino?"

Sote tuna saumu, na Bibi hakuruhusu hata ncha ya ulimi iguse. Kahawa ya kufuturia haionjwi. Ukikosea, utajua mwadhini akishaadhini, mbele ya watu. Nikakaa chini kuvililia vile vipande. Hesabu shuleni nilikuwa napata sifuri za mviringo mzuri, lakini siku ile, wallahi, akili ilinijia yote kwa pamoja: Bibi alipimia maji na unga kwa kikombe kilekile. Basi ukubwa wa kikombe una kazi gani?

Nikamwaga hiliki kwenye kisahani, nikachukua kikopo chake. Kilikuwa kama nusu ya kikombe cha Bibi, kwa hiyo maji nikapima ishirini, unga viwili. Salim akacheka mpaka akashika ubavu. Mie nikateleka dele motoni.

Mwadhini akaadhini. Ami Nassor akala tende, akapiga funda. Akanyoosha kikombe aongezwe. Akanyoosha tena. Cha tatu ndipo akasema, "Alhamdulillahi, Bi Zuwena, mkono wako ushapona."

"Mkono wangu huu hapa, umefungwa kitambaa," Bibi akamjibu. "Hiyo kahawa ya Maji ya Dele."

Tokea siku ile dele likawa langu.

Bibi hayupo tena, wala Ami, na baraza yetu siku hizi watalii huikalia kupiga picha. Wanangu wana mizani ya betri, wanapima kahawa gramu kwa gramu kama wauza dhahabu. Ramadhani iliyopita, alasiri, binti yangu akaja mbio: "Mama, betri imekwisha, ntapimaje?"

Nikampa kikopo cha hiliki. Ningependa kuwaambia kuwa sikusema neno. Nilisema, tena mpaka mwadhini akaadhini.