Jakarta hadi Medan, Mwendo wa Siku Tatu

Bistok Hutagaol aliendesha basi la Jakarta hadi Medan zaidi ya miaka ishirini. Alivuka mlangobahari kwa feri, akakwea milima ya Sumatra akitafuna tangawizi ili asisinzie. Mwendo wa siku tatu, barabara ikikubali. Kila alipofika Medan alilala kwa dada yake Lamria, akapikiwa samaki wa viungo, wakapiga soga mpaka sauti zikakauka. Kisha tiketi za ndege zikashuka bei, abiria wakayahama mabasi, naye akabaki Jakarta akiziba pancha. Akaapa hatakanyaga ndege. Ukweli ni kwamba aliziogopa ndege mno, ila Mbatak gani, mtu wa kabila linalojisifia ujasiri, atakiri hivyo mbele za watu?

Lamria alipomwita, iwe arusi iwe Krismasi, jibu lilikuwa moja. "Dada, ni mbali mno. Siku tatu kwa basi, na mgongo wangu huu!" Lamria hakubishana.

Miaka ikapita hivyo, mpaka jioni moja mpwa wake Rumondang alipopiga simu. "Mjomba, mama hali chakula tena. Anakuulizia wewe tu. Ukija kwa basi hutamkuta."

Mkewe Tiominar hakumpa nafasi ya kupumua. "Baba, kesho unapanda ndege. Ukifa, utakufa umekaa."

"Mdomo wako huo!" alifoka, huku akilitafuta begi lake.

Asubuhi ndege iliponyanyuka alifumba macho, akakishika kiti kwa mikono miwili, akamwomba Mungu amfikishe kabla Lamria hajakata roho. Ili asipige kelele akaipita njia yake moyoni: feri, jimbo la Lampung, mashamba ya michikichi, milima. Hajamaliza milima, mhudumu akamgusa bega.

"Mzee, kaza mkanda. Tunatua."

"Tunatua wapi?"

"Si Medan, baba?"

Safari nzima, saa mbili na ushei tu! Hofu ya kuanguka ikamtoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi. Miaka kumi na miwili dada yake alikuwa karibu hivi, naye akimzungusha. Akimuuliza ametoka lini, atasema nini? Ndani ya teksi akaufanyia mazoezi uongo wake: nilitoka juzi, nilitoka juzi. Mara akawaza pengine hatamkuta wa kumuuliza, akamhimiza dereva mpaka akamchosha.

"Mzee wangu, hii si ndege!"

Nyumba ilijaa akina mama wa kanisani. Lamria alikuwa hai, amekwisha mwili, macho yameelekea mlangoni. Bistok akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka. Umetoka lini?"

Uongo wa juzi akauacha. Akainama sikioni mwake. "Leo asubuhi. Kwa ndege. Nisamehe, dada."

Lamria akamtazama. Mama mmoja mpenda habari akasogeza kiti chake. "Kasemaje? Kumbe naye amekuja kwa ndege kama watu wengine?"

Rumondang akaangalia chini. Lamria akaukamata mkono wa kaka yake, akakusanya sauti yote iliyombakia.

"Ndege ya wapi? Alikuwa barabarani siku tatu, maskini, ili anione mimi. Si nilikuwa nawaambia kila mwaka kwamba ni mbali?"