Shangazi Perla Anyakua Taji la Kanivali

Shangazi yangu Perla Waisburd alikuwa fundi cherehani katika mji wetu mdogo, mkoani Entre Ríos, Ajentina. Sisi Wayahudi tulikuwa nyumba chache tu, lakini Wakatoliki wa mji mzima walivaa nguo za mkono wake, kuanzia gauni za ubatizo hadi joho la padre.

Mwaka mmoja Purimu yetu iliangukia siku ya kanivali yao, sherehe ya ngoma na mavazi ya fahari barabarani. Purimu ni sikukuu ya kujipamba na kucheka, basi shangazi, mjane wa miaka sitini na ushei, akajishonea vazi la Malkia Esta, gauni jekundu la mahameli linaloburuzika chini, akavaa na taji la bati. Jioni akatoka kwenda sinagogi. Barabara ilikuwa imefurika ngoma.

"Nipisheni jamani, nimechelewa."

"Pita, malkia," vijana wakamjibu, wakambeba juujuu mpaka juu ya gari lililopambwa maua, lile la washindani wa taji la kanivali.

Jirani yake Nélida, Mkatoliki wa kutupwa, alikuwa mmoja wa waamuzi wa kumchagua malkia wa kanivali. Alipomwona nusura azirai kwa kicheko.

"Perla, huko juu umefuata nini?"

"Nilifuata sinagogi, shoga. Niteremshe."

"Punga mkono kwanza, watu wanakutazama."

Akapunga. Umati ukapiga vigelegele. Tangu mumewe afariki hakuwahi kucheza, lakini ngoma zile zilimpanda miguuni, kiuno kikakumbuka kazi yake. Wakamtawaza malkia wa kanivali, wakamkabidhi zawadi: kitoto cha nguruwe kilichofungwa utepe shingoni.

Sinagogini tulikuwa katikati ya kusoma habari za Esta pale mlango ulipofunguka. Shangazi huyo, na nguruwe wake kifuani, na Nélida na wapiga ngoma nyuma yake. Mzee Isaías, msomaji wetu, akashusha miwani.

"Perla, hicho hakiingii humu."

"Hakiingii tumboni, mzee. Mlangoni kimeshaingia."

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Nélida akakitoa kile kitoto nje, naye mzee akawaambia wapiga ngoma kwamba kila litajwapo jina la Hamani, yule adui yetu wa kale, desturi ni kulizima kwa kelele. Walilizima hasa. Madirisha yalitetemeka.

"Mlikuwa wapi miaka yote hii, wanangu?" mzee akawauliza.

Baada ya hapo ikawa dansi na keki zetu za Purimu zenye mbegu ndogo nyeusi za mpopi, kila mtu na kila dini. Kisigino cha kiatu cha shangazi kilivunjika. Akavua vyote viwili, akamshika Nélida mkono, wakaendelea pekupeku.