Watoto Wasiotakiwa Kuwepo

Mama Shuka alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na miwili, na jina likamganda hata alipostaafu. Nyumbani hakukaa bure hata wiki. Muuguzi jirani alimwachia mtoto siku moja tu. Kesho yake wakaja wawili, na mwaka haujaisha sebule ilikuwa na watoto kumi na mmoja, wote chini ya miaka mitatu. Alijua nani halali bila kupapaswa mgongo, na nani akinyamaza ujue anakula sabuni.

Kisha likaja tangazo: anayelea watoto wa watu zaidi ya wanne awe na leseni, asiye nayo asimame kwanza. Mama Shuka hakuwa mtu wa kushindana na sheria. Aliwarudisha watoto kwa mama zao, akavaa gauni la kutokea, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii.

Afisa wa pale, kijana mpole mwenye miwani, alimpa fomu ya kurasa tisa. "Mama, anza na cheti cha afya. Nenda kwa bwana afya, ng'ambo ya barabara."

Bwana afya akairudisha fomu. "Sikagui jengo bila barua ya ustawi. Nitajuaje kama ni kituo au ni nyumba tu?"

"Ni nyumba tu, mwanangu."

"Basi si kituo."

"Ndiyo maana naomba kiwe kituo."

"Lete barua."

Barua nayo haikutoka bila cheti. Aliivuka barabara ile mara tano kwa siku mbili, mpaka mlinzi akawa anamfungulia geti bila kumuuliza kitu. Alianza kuhisi kuna neno moja dogo ambalo wenzake wote wanalijua isipokuwa yeye. Hospitalini, shuka chafu liliingia mlango huu, safi likatoka mlango ule. Hakuna aliyewahi kumwambia apige pasi kabla ya kufua.

Mara ya sita alimwambia afisa, "Twende wote, mwanangu. Mkisimama pamoja huenda nikaelewa."

Kijana alicheka, kisha akaenda. Kumbe yeye na bwana afya walisoma darasa moja. Walikumbushana ya shule, wakapiga mihuri, wala hawakumweleza Mama Shuka lolote.

Ukafuata mlango. Shemeji yake, fundi seremala, alisoma maagizo ya kwenye fomu mara mbili. "Shemeji, hapa wanasema mlango ufunguke kwa nje, watoto watoke haraka. Na hapa wanasema kitasa kiwe juu, watoto wasitoke."

"Ndivyo."

"Sasa watoke au wasitoke?"

"Ningejua ningekuita? Geuza mlango, shemeji."

Mlango ulipogeuzwa, afisa alipiga simu. "Nitakuja Jumanne kukuona unavyohudumia watoto."

"Watoto gani? Si mlisema nisiwe nao kabla ya leseni?"

"Ndiyo, usiwe nao."

"Na wewe utakuja kuwaona."

"Mama, hata mimi nilikikuta kifungu hivyo hivyo."

Mama Shuka alikaa kitandani na simu mkononi. Mwishowe akamwendea muuguzi. "Jumanne njoo unitembelee. Njoo na mtoto, waambie na wenzako. Nyinyi ni wageni wangu, basi."

Jumanne akina mama saba walikaa wameegemea ukuta, watoto wao katikati ya mkeka. Afisa akasimama mlangoni. "Hawa ni nani?"

"Wageni."

Hapo mtoto wa muuguzi akajikwaa, akaangua kilio. Mama yake alinyoosha mikono. Mtoto akampita, akaenda kuukumbatia mguu wa Mama Shuka. Mikono ya muuguzi ikabaki hewani; akatabasamu huku macho yamemjaa machozi.

"Mgeni huyu amekuzoea," afisa akasema, akaandika. Mama Shuka hakujua kama amesifiwa au ameshtakiwa. Alimfuta mtoto kamasi, akangoja.

Leseni ilitoka baada ya wiki tano: watoto wanane.

"Kwa nini wanane?"

"Una choo kimoja, mama."

"Wanavaa nepi! Wanaokijua choo ni wawili tu."

Afisa alikuna kichwa. Kifungu hakikutaja nepi.

Muuguzi ndiye aliyepata njia. Alipanga zamu kama za wodini: kila siku watatu kati ya wale kumi na mmoja wabaki nyumbani na mzazi aliye mapumzikoni. Asubuhi ya kwanza Mama Shuka alihesabu vichwa, akapata tisa. Akahesabu tena, tisa. Baba mmoja alikuwa ameisoma zamu kichwa chini miguu juu, akamwacha mwanawe akaondoka, na mtoto mwenyewe alishalala fofofo karibu na dirisha.

Mama Shuka akampigia afisa.

"Samahani, mwanangu. Mtoto aliyelala, naye anahesabiwa?"

Alisikia kurasa zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu.