Asio wa Mella na Asio wa Kiyeyi

Kabla ya kuzoea kompyuta, Patience Amondi alikuwa mtu wa miguu. Kwa miaka sita alivuka mpaka wa Busia mara nne, mara tano kwa siku, karatasi za mizigo kwapani, akizitoa kwa mawakala wa Uganda na kuzifikisha kwa wenzao wa Kenya. Mtoto wa kijiji cha Kiyeyi, mwenye Kidhopadhola chake, lugha ya kwao, alijikuta anaelewana na Wateso, Wasamia na madereva wa kila kabila. Ushirika wa wakulima wa karanga ulipotafuta karani wa ofisi yake ya Busia, mwenyekiti wake, Jonan Ofwono, hakuhangaika kutafuta mbali.

Kazi aliyoikuta ilikuwa ya kuchosha. Ushirika ulikuwa na programu yake ya kuorodhesha mizigo. Kiwanda cha upande wa Kenya kilichonunua karanga kilikuwa na yake, na maabara ya Tororo iliyopima sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilikuwa na ya tatu. Programu hizo hazikusikilizana kabisa. Amondi alisoma huku, akanakili kule, mzigo baada ya mzigo, mpaka macho yakamwasha.

Basi akaenda kukaa na Emuron, fundi wa kompyuta wa kiwanda, wapange faili moja ambalo mashine zote zingelisoma. Walikubaliana kila mzigo uwe na mstari wake, tarehe ianze na mwaka, uzito uwe wa kilo. Likabaki swali la kitu gani kitaunganisha mzigo na majibu yake ya maabara. Amondi akasema jina la mkulima. Emuron hakuona ubaya.

Miezi miwili mambo yalikwenda kama maji mtelemkoni. Faili lilitoka Busia asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne kiwanda kilikuwa kimejibu. Ofwono alimsifu mkutanoni, naye Amondi akaanza kujiona fundi.

Jumanne moja aliingia ofisini mama mmoja wa makamo, vumbi la barabara ya Mella limemjaa magotini. Jina lake Asio Grace. Karanga zake zilikuwa zimekataliwa na kiwanda, na majirani walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Asio anauza sumu. Alikunjua kitambaa, akatoa cheti cha maabara.

"Mimi nakausha juu ya turubai, si chini penye unyevu," alisema polepole. "Maabara inasema karanga yangu iko safi. Sasa nani alisema iko na sumu?"

Amondi alikisoma cheti mara mbili. Kilikuwa safi kweli. Akafungua faili la siku mzigo ule ulipoletwa, akashuka nalo mstari kwa mstari, na katikati akakuta jina lilelile mara mbili. Kulikuwa na Asio Grace mwingine, mwanamke wa Kiteso aliyeolewa Kiyeyi, aliyeleta mzigo siku hiyohiyo. Karanga za huyo ndizo zilizokutwa na sumukuvu. Mashine iliona jina moja ikadhani ni mtu mmoja, na majibu ya pili yakafuta ya kwanza.

Ofwono, aliyekuwa akisikiliza kutoka mezani pake, alimvuta kando, akamshauri amwambie mama kompyuta imekosea, ajiondokee zake. Ulikuwa mlango rahisi, na Amondi aliutazama kwa muda. Kisha akarudi, akaketi karibu na yule mama.

"Mama, kompyuta imefanya nilivyoiagiza. Mimi ndiye niliyedhani jina linatosha. Kosa ni langu."

"Kwetu Mella peke yake, akina Asio hawahesabiki," Asio akasema. "Ungeniuliza tu, mwanangu."

Maneno hayo yalimchoma Amondi kuliko karipio lolote. Siku hiyohiyo aliandika barua ya kumsafisha mama jina, akaipeleka kiwandani kwa mkono wake pamoja na cheti. Kiwanda kikaupokea mzigo. Lakini Amondi hakuondoka. Alimweleza Emuron kwamba kila mkulima lazima apewe namba yake, na kila mzigo namba yake pia. Emuron alikuna kichwa. Programu ya maabara, alisema, haina mahali pa namba, na kuibadilisha ni safari ndefu.

"Ina mahali pa maoni, na hapajazwi kamwe," Amondi akamjibu. "Namba tuiweke hapo, faili lako liichukue hapo."

Emuron alicheka. "Hiyo ni poa, dada. Mbona hatukuiona mapema?"

Iliwachukua wiki mbili. Walijaribu kwa mistari ya wale Asio wawili, tena na tena, mpaka mmoja ukapita na mwingine ukakataliwa, sababu ikiwa imeandikwa wazi mbele ya namba ya mzigo.

Kisha Amondi akapanda boda kwenda Mella kuwagawia wakulima namba. Hakutuma mtu, maana alitaka safari hii aulize kwanza. Mzee Oriokot alinung'unika kwamba namba ni za wafungwa. Kabla Amondi hajafungua kinywa, Asio alisimama akawaeleza kwa Kiteso yaliyompata: jinsi jina lake lilivyochanganywa na la mwingine, na jinsi karanga zake safi zilivyogeuzwa sumu. Oriokot akawa wa pili kwenye foleni.

Wiki iliyofuata walikwenda Kiyeyi, Asio nyuma ya Amondi kwenye boda, turubai limekunjwa mapajani mwake. Asio wa pili, ambaye karanga zake alizianika chini kwenye udongo, aliwapokea kwa haya. Hawakumlaumu. Wanawake hao wawili walilitandika turubai uani, wakamwaga karanga juu yake, wakaanza kuzichambua huku wakiulizana koo na ndugu. Kabla ya kumwandikia namba, Amondi aliinua daftari lake, akamwuliza mwenyeji jina la baba yake, na la kijiji alikozaliwa.