Sahani ya Heshima

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbamba Bay, na kwa tabia si mtu wa kulialia. Jambo likinifika nalitazama, nalipanga, ndipo nalishughulikia. Ndivyo nilivyofanya Baba aliponyong'onyea kule kwetu Maguu, milimani, baada ya Mama kufariki. Nilimteremsha huku ziwani, nikampa chumba chenye dirisha linalotazama maji, nikajiambia kazi imekwisha.

Nilikuwa na falsafa yangu kabisa. Chuoni tuligusiagusia habari za Myunani mmoja wa kale aliyesema lengo la maisha ni raha. Watu humpakazia ulafi, bure tu. Raha yake ilikuwa mwili usioumwa na moyo usiohangaika, na chakula cha kawaida kilimtosha. Nililipenda somo lile kwa sababu linapangika. Dawa za presha, godoro zuri, utulivu, samaki wa leoleo. Mzee atataka nini tena?

Baba hakula.

Si kwamba aligoma. Mume wangu anafanya kazi Songea na watoto wako bweni, kwa hiyo mchana nilikimbia kutoka shuleni, nikamtengea sahani yake sebuleni, kwenye meza yenye kitambaa: ugali na mbasa wa kuchoma, samaki ambaye huku tunampikia mgeni wa maana. Kisha nikaurudishia mlango ili makelele ya jirani yasimfikie, nikarudi kazini. Kwetu mzee akitengewa sahani yake mwenyewe, watu husema huyo ametunzwa. Jioni nilikuta amemega kidogo pembeni. "Ahsante, mama, nimeshiba," alikuwa akiniambia. Suruali ikaanza kumvuka.

Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa mpya, ila dawa zile zinataka tumbo lenye chakula, na mzee akiendelea hivi hatafika mbali. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana, nikafanya kile ninachokijua, yaani kuzidisha. Leo mbasa, kesho kuku, keshokutwa wali wa nazi. Vyote vilirudi jikoni.

Siku moja nilisahau miwani nikairudia. Sahani ilikuwa imefunikwa vilevile, Baba hayupo. Nilimkuta dukani, hapo kona ya barabara. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka Kilwa. Alikuwa ametandika mkeka barazani, na kati yao palikuwa na sinia moja: ugali na usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani, waliokaangwa kwa chumvi tele. Na Baba alikuwa anakula. Anakula, jamani! Anamega, anachovya, anabishana habari za mvua na tonge mdomoni.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia mwenye duka, kwa sauti isiyo na heshima hata kidogo.

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Huyu ana presha! Chumvi yote hiyo! Na nyumbani nimemwachia mbasa!"

"Basi mlete huyo mbasa," akasema, akasogeza sinia. "Tupo wawili hapa."

Nyumbani nilimfokea Baba. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Kisha akaniuliza, "Mama, unakumbuka sengu?"

Nilikumbuka. Sengu ni pale wanaume wa ukoo walipokutana kula, kila nyumba ikileta chungu chake, na mashauri ya ukoo yakamalizwa hapohapo. Sisi wasichana tulipeleka chakula, tukarudi jikoni kula na mama zetu.

"Wenzangu wa sengu wamekwisha," alisema. "Wa mwisho tulimzika mwaka uleule wa mama yako. Nikabaki nakula peke yangu. Ulipokuja kunichukua nikasema afadhali, sasa naenda kwenye watu." Akaonyesha sahani iliyofunikwa. "Ukanifungia mlango."

Maneno yale yalinichoma, na bado yananichoma. Nilikaa nikamkumbuka yule Myunani. Kumbe raha yake yote ile aliiishi bustanini, na marafiki wamejaa. Sehemu hiyo niliijibu kwenye mtihani, nikapata maksi zangu, nikaisahau.

Tangu hapo chakula cha mchana nikawa nakipeleka dukani, samaki wa kuchemsha asiye na chumvi nyingi, na wazee wale wawili walikifuta. Baba alirudisha mashavu. Nilianza kuwa na amani.

Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani. Mwenye duka alifunga, na jioni alimkaribisha Baba futari kila siku. Lakini dawa ni za mchana. Nilimtandikia mkeka uani, nikamtengea, nilimbembeleza, nilimtania kwamba amesilimu kimyakimya. Akacheka, akamega kidogo, akaacha. Siku moja alipoinuka akayumba, nikamdaka kabla hajaanguka. Alikuwa mwepesi mno mikononi mwangu.

Nilimketisha tena mkekani. Nikaenda jikoni, nikapika ugali wa watu wawili, nikaupakua kwenye sahani moja na samaki juu yake, nikauweka mbele yake. Halafu nikakaa upande wa pili. Kwetu binti hali sahani moja na baba yake. Hata mtoto wa shule anajua hilo, sembuse mwanamke mwenye mume na watoto wake. Akikasirika na kuondoka, sikuwa na mpango mwingine wowote.

Baba aliitazama sahani. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Kisha akalisukuma beseni la maji upande wangu.

"Nawa," alisema. "Ugali unapoa."

Nikanawa. Alimega yeye kwanza, kama inavyompasa mkubwa, akanisubiri. Nikamega. Naye akamega tena.